Siku moja Songea na gari ya kukodi: kumbe safari ilitakiwa ianzie Maposeni

Wadau, kuna aibu nyingine mtu unaibeba miaka na miaka bila kujua ni aibu. Ya kwangu ni hii: naishi Maposeni, naenda Songea mjini karibu kila wiki, nalijua soko, stendi na maduka ya vitenge, najua hadi fundi gani anabana kiuno cha gauni vizuri, lakini makumbusho ya Majimaji nilikuwa naipita tu kwenye bodaboda. Sijawahi kuingia. Shuleni tulipelekwa mara moja, siku hiyo nikawa naumwa. Basi, ikaishia hapo.

Mwaka huu wifi yangu akaja kutoka Dar na mtoto wake wa miaka kumi na moja. Nyie mnawajua watoto wa siku hizi, wanauliza kama mapolisi. Siku ya pili tu wifi akasema, "Wifi, mimi nimekaa kwenye basi kutwa nzima, kilomita zaidi ya mia tisa, siji kukaa barazani. Tutafutie gari na mtu wa kututembeza, siku moja tu, sisi peke yetu. Tukapaone huko Songea kwenye historia." Mimi nikajichekesha. Historia gani, nikamuuliza, Songea si mji tu wa mahindi na baridi?

Lakini mgeni ni mgeni. Nikaulizia, nikapata gari dogo la kukodi na dereva kijana, na mtu wa kutuongoza ambaye ni mwalimu mstaafu. Jina lake silitaji, mwenyewe hapendi. Sisi tulimwita Mwalimu tu. Tukakubaliana bei kabla, mafuta ndani, chakula kila mtu kivyake, waje kutuchukua saa moja asubuhi.

Saa moja kamili gari ikafika, sisi tumeshajifunga masweta. Nikafungua mlango niingie. Mwalimu akabaki amesimama nje, mikono nyuma.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mnaharakia wapi?"

"Si Songea, Mwalimu? Kwenye historia?"

Akatazama huku na huku, miembe, mabati, mashamba ya mahindi, akaniuliza taratibu, "Mama, wewe unaishi hapa miaka mingapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Basi funga huo mlango. Historia tunaianzia hapa hapa uliposimama. Watu wote wananikodi mjini, nawaonyesha kaburi kwanza. Leo nimepata bahati ya watu wa Maposeni, siwezi kuanza na kaburi."

Nikaishiwa pozi mbele ya wifi yangu.

Mji una jina la nduna, mfalme alikuwa huku

Twende pole pole maana hapa wengi tunachanganya, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Wangoni hawakuota hapa kama uyoga. Walitoka kusini kabisa mwa Afrika, wakikimbia vita vya enzi za Shaka. Kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwezi Novemba 1835, siku ambayo jua lilipatwa, ndiyo maana wanahistoria wameweza kuitaja tarehe yenyewe. Njiani walikusanya watu: Waswazi, Wathonga, Wakalanga. Wakapanda kaskazini hadi Ufipa, Zwangendaba akafia huko miaka ya 1840. Alipokufa, watoto na wakubwa wakagombana, kundi likagawanyika. Sehemu moja ikateremka mashariki ya Ziwa Nyasa mpaka huku kwetu. Ikawakuta Wangoni wengine, wa Maseko, ambao walikuwa wametangulia. Wakakaa pamoja kidogo, wakapigana, Wamaseko wakaondoka kurudi kusini, leo wajukuu wao wako Malawi.

Waliobaki wakawa na falme mbili. Kaskazini Mshope, ambayo wakati wa Mjerumani ilikuwa chini ya Nkosi Chabruma. Kusini Njelu, chini ya ukoo wa Gama. Nkosi ni mfalme. Chini yake kuna manduna, wakubwa wa vita na wa maeneo. Sasa shika hapo: Songea Mbano, ambaye mji mzima na wilaya vina jina lake, alikuwa nduna. Nduna mwenye nguvu sana, mwenye watu wengi na sauti kubwa, ila nduna. Nkosi wa Njelu wakati vita vya Majimaji vinaanza alikuwa Mputa Gama. Na makao yake yalikuwa wapi?

"Maposeni," akajibu mtoto wa wifi kabla yangu, maana alishamsoma Mwalimu machoni.

Hivi kwa nini basi mji haukuitwa kwa jina la Nkosi? Wajerumani walipokuja mwaka 1897 walijenga boma lao kwenye eneo la nduna Songea, na boma likachukua jina la mwenye eneo. Karani anaandika barua, juu anaweka Songea. Barua moja, mbili, mia. Mwisho wake ramani. Yaani jina la mji ni suala la Mjerumani aliweka meza yake wapi. Mwalimu aliposema hivyo wifi alicheka, lakini mimi nilikuwa nawaza mambo mengine. Nilikuwa nawaza mara zote nilizoambiwa na watu wa mjini "nyie wa kijijini", na mimi nikakubali.

Nyumba ndogo iliyochomwa

Kisha Mwalimu akatupeleka kwa miguu, mwendo mfupi, kwa mzee mmoja wa ukoo kuomba ruhusa ya kuzungumza na kupita. Hili nalisisitiza kwa wadau mtakaokuja: huku huingii tu na simu yako ukaanza kupiga picha. Unaamkia, unaeleza umetoka kwa nani, unasubiri. Mzee alitupokea vizuri, tukapewa togwa. Tulipouliza kuhusu zamani hakuanza na vita. Alianza na nyumba ya mahoka.

Mahoka ni wale waliotangulia, mizimu ya wazee. Nkosi alikuwa na nyumba yao, nyumba ndogo tu ya kuombea. Mvua ikikawia watu wanaenda pale. Ugonjwa ukiingia, pale pale. Nkosi asiyeongea na mahoka ni nkosi gani?

Mwaka 1898 Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni Peramiho, hapa pua na mdomo na Maposeni. Nkosi na wageni wakawa majirani. Mwanzoni mambo yalikwenda, watoto wachache shuleni, dawa kidogo, salamu. Lakini miaka michache kabla ya vita, padre mmoja wa misheni aliona ile nyumba ya mahoka ni kizuizi cha kazi yake. Akaichoma moto.

Mzee aliyasema haya bila kupandisha sauti. Akaongeza, "Mtu akikuchomea shamba, utalima tena. Akikuchomea mahali unapoongelea na baba yako, utaongelea wapi?"

Nimesoma vitabu vya shule, wadau. Sababu za Majimaji tulikariri: kodi, kazi za kulazimishwa, mashamba ya pamba, maakida wakatili. Zote za kweli. Kule Umatumbi, vita vilipoanzia Julai 1905, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba kama kutangaza kwamba imetosha. Lakini huku Ungoni hatukuwa na pamba ile. Huku palikuwa na hasira nyingine: Wangoni walizoea kutawala, ghafla wanalipa kodi na kuitwa bomani kama watoto, na nyumba ya mahoka ya Nkosi imekuwa majivu. Hiyo ndiyo sababu ambayo ningeikariri mara moja tu isingenitoka, kama mwalimu wangu wa darasa la sita angetutembeza dakika kumi badala ya kutuandikia ubaoni.

Peramiho, pande zote mbili

Tukaingia kwenye gari, dakika chache tukawa Peramiho. Kanisa la abasia, kubwa kweli kweli, linakufanya ushushe sauti hata kama si muumini wake. Hospitali, karakana, wanafunzi. Nusu ya watu ninaowajua wamezaliwa kwenye hospitali ile, na mimi nimo. Kwa hiyo sitaki mtu asome hapo juu akadhani nakuja kuwasema vibaya watawa. Siyo hivyo.

Mwalimu naye alikataa urahisi huo. Tulipokaa kivulini alituambia habari ya Cassian Spiss. Ndiye aliyeianzisha Peramiho mwaka 1898, baadaye akawa askofu. Agosti 1905 alikuwa safarini kutoka pwani kuja huku, yeye na mabruda wawili na masista wawili. Vita vilikuwa vimeshawaka, wao hawakujua ukubwa wake. Tarehe 14 Agosti wakakutana na wapiganaji upande wa Liwale, wote watano wakauawa. Mwezi uliofuata, Septemba, moto ukafika Peramiho yenyewe. Misheni ikachomwa.

"Kwa hiyo walilipiza," mtoto akasema.

"Walilipiza," Mwalimu akajibu. "Nyumba ya mahoka kwanza, misheni baadaye. Ukisimulia ya pili bila ya kwanza, Wangoni ni wanyama. Ukisimulia ya kwanza bila ya pili, umewaficha watu watano waliokufa barabarani. Mimi nikilipwa hela ya mtu, nasimulia zote."

Nikajisemea kimoyomoyo, hapa hela yetu imekaa sawa.

Njiani, nikaleta ugomvi

Kutoka Peramiho mpaka mjini si mbali, kama kilomita ishirini na kitu, lami. Hapo ndipo mimi nilipoharibu hali ya hewa kwenye gari.

Ni hivi. Baba yangu Mngoni. Mama yangu ni Mndendeule. Na mama yangu, tangu nipate akili, tarehe 27 Februari ikifika, watu wanakwenda kwenye kumbukumbu ya mashujaa, ngoma za lizombe, viongozi, maua, yeye anabaki shambani. Hagombi na mtu. Anasema tu, "Nendeni, mimi bibi yake bibi yangu hakuja hapa kwa miguu yake mwenyewe." Maana Wangoni, kabla Mjerumani hajawafanya kuwa wanyonge, walikuwa wao ndio tishio. Waliwapiga Wandendeule, Wamatengo, wengine wengi. Walichukua watu, mifugo, chakula. Walifika hadi Masasi mwaka 1882 wakaivamia misheni ya huko na kuteka watu. Kusini yote hii, watoto walikuwa wanatishwa kwa jina lao.

Kwa hiyo nikamuuliza Mwalimu, tena kwa sauti ambayo haikuwa ya adabu sana: hao mashujaa tunaokwenda kuwaona ni mashujaa wa nani? Wa baba au wa mama?

Dereva akapunguza redio. Wifi akatazama nje.

Mwalimu alikaa kimya mpaka nikadhani amekasirika. Kisha akasema, "Nimetembeza watu miaka mingi, wengi hawaliulizi hilo. Wanapiga picha na sanamu wanaondoka. Sasa nikuulize wewe. Jeshi la Wangoni mwaka 1905, unadhani lilikuwa na Wangoni wangapi wa kutoka kule kusini?"

Sikujua.

Akaeleza. Waliotoka kusini na waliochukuliwa kabla ya Zambezi walikuwa wachache, wakajiita Wangoni halisi. Waliotekwa na kuingizwa huku, Wandendeule, Wamatengo na wengineo, waliitwa wasutu. Lakini wasutu ndio waliokuwa wengi, wengi mno. Walioa, wakaolewa, wakafundishwa vita, wakabeba ngao. Baadhi walipanda hadi kupewa watu wa kuwaongoza. Kizazi cha pili hicho, cha tatu. Jeshi lililotoka kwenda kupambana na Mjerumani, sehemu kubwa yake lilikuwa ni watoto na wajukuu wa watu waliotekwa.

"Wewe unamdai Nkosi deni la mama yako," akasema, "na una haki. Ila walioanguka kwenye rashasha, wengi wao walikuwa ni wa kwa mama yako."

Nilinyamaza mpaka tunaingia mjini, na nyamazo langu wifi analijua, huwa halidumu.

Makumbusho

Songea imekaa juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, milima ya Matogoro imeizunguka upande mmoja kama mtu aliyeweka mkono begani. Kwenye Matogoro hiyo ndiko mto Ruvuma unakoanzia. Mtu wa Dar anapafurahia sana, hakuna joto, miti mirefu, upepo. Wifi alishasahau ugomvi wangu, anapiga picha.

Makumbusho ya Majimaji yalifunguliwa mwaka 1980, na tangu 2010 yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Nje kuna sanamu za viongozi, vichwa na mabega, wanakutazama wote kwa pamoja. Ndani kuna silaha, ngao, picha. Chumba si kikubwa. Usije ukitegemea makumbusho ya Ulaya. Kinachofanya kazi hapa ni mtu anayekueleza.

Maji yenyewe yalianzia mbali. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kule Rufiji, alitoa dawa ya maji aliyosema itageuza risasi kuwa maji. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, mwanzoni kabisa mwa vita, lakini dawa ilikuwa imeshasambaa. Huku Ungoni ililetwa na mtu aliyeitwa Omari Kinjala. Na hapa Mwalimu akasimama mbele ya jina la mwanamke, akamvuta wifi yangu karibu. Mkomanile. Alikuwa mtawala wa Kitanda, upande wa Namtumbo ya leo, na ni miongoni mwa watu wa mwanzo huku kuyapokea maji yale. Alinyongwa pamoja na wanaume. Wifi akasema, "Mbona huyu sijawahi kumsikia?" Hakuna aliyemjibu, jibu tulikuwa nalo wote.

Oktoba 1905 kikosi cha Wajerumani kutoka Mahenge kiliifikia kambi ya Wangoni karibu na Namabengo, kikiwa na bunduki za rashasha. Maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika pale wakiamini maji. Simulizi zinasema watu walipoona wenzao wanaanguka, walitupa vibuyu vya dawa wakapiga kelele kwamba maji ni uongo. Ebu fikiria dakika ile. Wewe umeacha mke, umeacha mahindi, umeambiwa risasi itadondoka kama tone la mvua, jirani yako anaanguka na hainuki.

Baada ya hapo vita vya wazi vikaisha, vikaanza vya msituni. Na Mjerumani akabadilisha silaha. Ofisa wao mmoja alimwandikia gavana kwamba njaa pekee ndiyo itakayowafanya watu wasalimu amri. Wakachoma maghala. Wakachoma mashamba. Wakazuia watu kupanda. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa katika vita nzima. Wanahistoria waliokuja baadaye wanasema 250,000 hadi 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa njaa.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama. Alikuwa hatupi hata ukoko wa ugali. Alikuwa anauanika juani, anauweka kwenye kibuyu. Sisi tulikuwa tunamcheka, tunasema bibi ana ubahili. Bibi hakuwa bahili, wadau. Alifundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu aliyeiona 1906.

Kaburi, na swali la mtoto

Tukatoka nje. Kaburi la pamoja liko hapo hapo. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji walinyongwa Songea. Mashujaa wanaokumbukwa ni 67, Nkosi Mputa Gama wa Maposeni akiwemo. Kabla ya kunyongwa padre mmoja wa misheni aliwaendea gerezani, na baadhi yao wakakubali kubatizwa. Mtu anaweza kulitazama hilo kwa namna anayotaka. Mimi nilifikiria tu ile nyumba ya mahoka.

Nkosi Chabruma wa Mshope hayumo. Yeye alivuka mpaka kwenda upande wa Wareno, Msumbiji ya leo, akauawa huko huko.

Songea Mbano ana kaburi lake peke yake. Simulizi ya hapa inasema Wajerumani walitaka kumwacha hai, awasaidie kutawala watu. Akakataa. Akasema kama wenzake wamekufa, na yeye wamnyonge. Wakamnyonga siku chache baadaye. Na inasimuliwa, ukoo wake unasimulia, kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Mtoto wa wifi alikuwa amechuchumaa pale pembeni. Akauliza, "Kwa hiyo hapa chini amelala bila kichwa?"

Mama yake akataka kumnyamazisha. Mwalimu akamzuia kwa mkono. "Mwache. Hilo ndilo swali lenyewe." Akamwambia mtoto kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea, akaingia kwenye makumbusho haya, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani. Akaahidi kwamba watajaribu kukitafuta kichwa hicho.

"Wamekipata?"

"Ungekuwa wewe ndiye ukoo, ungeuliza kila siku au mara moja?"

"Kila siku," mtoto akasema.

"Basi."

Juu ya Chandamali

Tulikula ugali na maharage mjini, tukapumzika, alasiri tukapanda Chandamali. Ni mlima wa mawe nje kidogo ya mji, una mapango, na ndiko inakosemwa Songea Mbano alikuwa anajificha na kupanga mambo yake. Kupanda si kazi ngumu sana lakini viatu vya kisigino acheni nyumbani, nawaambia kwa mapenzi. Mawe yamelaliana, ndani kuna ubaridi na giza, popo hawakosi.

Juu unauona mji wote. Mabati yanameta, barabara inakwenda magharibi kuelekea kwetu. Mwalimu alikaa kwenye jiwe akahema, kisha akanigeukia. "Sasa niambie. Ni mashujaa wa baba au wa mama?"

Nilikuwa nimefikiria mchana kutwa. Nikamwambia hivi: nadhani mtu anaweza kuwa amemkosea bibi yangu, na bado akawa hakustahili kukatwa kichwa. Yote mawili yanakaa. Mama yangu ana haki ya kubaki shambani tarehe 27. Na ukoo wa Mbano una haki ya kuuliza kichwa cha mzee wao kila siku. Haki ya huyu haipunguzi ya yule. Kilichokuwa kinanikera miaka yote, kumbe, ni kwamba nilipewa mashujaa wasafi, waliooshwa kama sahani za wageni, na mimi nyumbani nina mama ambaye anajua hawakuwa wasafi. Kwa hiyo nikaamua yote ni siasa, nikawa napita kwenye bodaboda. Wangenisimulia na ya kwa mama, ningeingia zamani sana.

Mwalimu hakusifia, hakupinga. Alisema tu jua linazama, tushuke.

Kama unakuja

Wadau, kwa wanaopanga kuja siku moja, mpango wangu ni huu. Kodi gari na mtu wa kukutembeza, kubalianeni bei yote mapema. Msianzie mjini. Anzeni Maposeni asubuhi na mapema, kwa mzee, kwa adabu, na mtu wa kuwatambulisha. Halafu Peramiho. Halafu makumbusho, na msiwe na haraka kwenye jina la Mkomanile. Chandamali iwe ya mwisho, mkiwa mmeshabeba vya kufikiria. Juni na Julai njooni na makoti, baridi hainaga utani. Kuanzia Desemba mvua, lakini mkija 27 Februari mtaona kumbukumbu yenyewe na lizombe likipigwa. Na mkipata muongozaji anayewapa mashujaa watupu bila maswali, muulizeni: kabla ya hapo ilikuwaje? Akikasirika, mmepoteza hela. Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, mmepata Mwalimu.

Tulirudi nyumbani giza limeingia. Mama alikuwa ametengeneza uji, amekaa jikoni. Nikamsimulia yote, ya rashasha za Namabengo, ya wasutu, kwamba wengi walioanguka walikuwa wa kwao. Alisikiliza huku anakoroga. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Na majina yao wameyaandika?"

Nikamwambia ya waliozikwa pale, ndiyo. Ya walioanguka porini, sijayaona.

Akapakua uji, akampa mtoto wa wifi kwanza maana ni mgeni. "Basi siku mkienda tena," akasema, "mniambie. Nitakuja na jina la babu yangu mimi mwenyewe, nimpe huyo Mwalimu wenu."